Siku Riziki aliposhuka mgongoni

Masisi, Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 1953

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba ya milimani isiyopiga kelele, na sasa imekatika. Maharagwe yako motoni. Nyumba iko kimya, na mimi kimya sijakizoea. Nimechoka, lakini nikijilaza nitalia, na nikilia nitaondoka kumfuata. Basi naandika.

Riziki ameenda.

Amechukuliwa na nyanya yake, mama wa mume wangu, ambaye hapa nyumbani wote tunamwita Tate. Atakaa kwake huko juu, kwenye ng'ombe, mpaka huyu wa tumboni azaliwe. Njo desturi ya watu wa hapa: tumbo la mama likianza kuonekana, mtoto mkubwa anashuka mgongoni, nyanya anakuja kumtwaa. Mimi ni mtu wa Walikale, wa msituni. Nilikuwa najiambia kwamba hiyo ni desturi yao, si yangu, nitaona nitakavyofanya.

Lakini mimba iliyotangulia ilitoka. Nilikuwa nateremka kutoka shambani, Riziki mgongoni, kapu la viazi kichwani, kama siku zote. Hakuna ajuaye kama ni mzigo ao ni kitu kingine. Ila safari hii Tate amesema nisibebe tena, na Mademoiselle wa dispanseri amesema vile vile. Hao wawili hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lingine lolote.

Mume wangu yuko mbali, kwenye kazi ya mawe, mgodini huko Walikale. Yeye ametuma neno tu, sikiliza mama.

Nacheka kidogo nikimkumbuka Mademoiselle jana. Ni Mwingereza, lakini hapa mzungu mwanamke asiye na mume ni Mademoiselle, basi. Kila nikienda kupimwa ananikalisha kwenye baraza nimsaidie Kiswahili, kwa sababu nilisoma kidogo misheni. Jana alikuja na neno moja la kwao, "carry", akataka nimpe la kwetu, aliandike mbele yake, apite kwenye lingine.

Nikamwambia kubeba. Akaandika, akafurahi.

Halafu akaona mwanamke anapita njiani na mtungi kichwani. Je, yule anabeba? Nikasema yule amejitwika. Na yule mwenye mtoto mgongoni? Katika vitabu ameeleka, ingawa sisi tunasema tu amemubeba ku mugongo. Na mimi, nimekaa hapa na Riziki mapajani? Nimempakata. Na mgonjwa wa juzi, aliyeletwa na wanaume kwa kipoyi, kile kiti cha miti cha mabegani? Walimchukua. Hata mimba inachukuliwa. Na kuni zikiwa nyingi, unazisomba. Karatasi ikajaa, akaanza kuandika pembeni, maneno yakipanda juu kama sisimizi. Akasema kwao yote hayo yanatosha katika lile moja, hata daraja likishikilia gari, hata sauti ikifika mbali.

Nilimwonea huruma. Halafu nikalionea wivu lile neno lake, pana kama kapu, unatia kila kitu na bado kuna nafasi.

Nikamwonyesha pia tunavyofanya kwetu msituni: mama yangu na kamba ya gome kwenye paji la uso, kapu mgongoni, na mimi juu ya kapu nimekaa kama chifu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nilipoinuka kuondoka nikamfunga Riziki mgongoni. Mademoiselle akanitazama vibaya.

"Kesho, Mademoiselle," nikamwambia. "Kesho njo mwisho."

Riziki akaanza kuteleza, nami nikajirusha kidogo, vile tunavyofanya wote: unainama, unatupa kiuno juu, mtoto anarudi mahali pake. Mademoiselle akachukua tena kalamu. Na hiyo inaitwaje? Nikafikiri. Sikupata. Nikamwambia hiyo haiitwi, inafanywa tu.

Leo Tate amefika na ngozi yake ya kondoo, ile ile aliyombebea mume wangu. Kitambaa cha mama hakiendi, mtoto angekinusa usiku na kunitafuta. Na miguu ya mtoto isiguse chini. Anatoka mgongo huu, anaingia mgongo ule. Tulisimama uani, mimi na Tate, tumepeana migongo, na jirani yetu Mama Feza katikati ili amhamishe.

Riziki akanishika shingo. Mama Feza akavuta, Riziki akakaza kama mti.

"We mutoto, kuya," Tate akasema bila kugeuka. "Papa yako alikuwa muzito kupita wewe, na kila siku alinikojolea. Nimemubeba, sikufa."

Riziki hakucheka. Mama Feza akavuta tena. Hapo Tate akageuka, akatutazama wote wawili, akasema polepole:

"Mama Riziki, achia mikono. Si mutoto anakushika. Ni wewe unamushika."

Nikaangalia. Mikono yangu ilikuwa nyuma, chini ya mtoto, vidole vimefungana. Mimi mwenyewe sikujua.

Nikaachia.

Riziki akateleza, kitambaa kikafunguka, akatua kwenye matope kwa miguu yake yote miwili. Mama Feza akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikasubiri Tate aseme kwamba tumeharibu, arudi kwake peke yake, na sitaficha: sehemu moja ya moyo wangu ilitaka aseme hivyo.

Tate akaitazama ile miguu.

"Basi, amesimama," akasema. "Mwenye kusimama anatembea. Twende."

"Na mi nabeba," Riziki akasema.

"Utabeba nini, na uko mudogo hivi?"

Akaonyesha kiazi kitamu kilichokuwa mlangoni. Tate, ambaye kwa desturi hana mchezo, akachana upindo wa kitenge chake, akamfunga kile kiazi mgongoni, akakaza fundo kifuani kama anavyofungwa mama mzima. Mama Feza akamwuliza mtoto wake anaitwa nani. Riziki akasema, "Analala," akaweka kidole mdomoni tunyamaze.

Niliwasindikiza mpaka kijito. Siku ya kumtoa mtoto, mama havuki. Riziki alitembea vizuri, anaanguka, anainuka, anapapasa kiazi kama kipo. Kwenye kijito akayaona maji, akaona kilima upande wa pili. Akachoka kwa mara moja, vile wanavyochoka watoto. Akageuka, akaniinulia mikono.

Mimi, si Tate.

Nikaweka mikono yangu nyuma. Nikaifunga huko, vidole kwa vidole, safari hii nikijua. Tumboni huyu mwingine alikuwa ametulia kabisa, kama anasikiliza.

"Kwa Tate," nikasema. Sauti ilitoka ngumu kuliko nilivyotaka, lakini ilitoka.

Alinitazama. Mikono ilikaa juu muda mrefu. Halafu akageuka nayo hivyo hivyo, imeinuliwa bado, akaipeleka kwa Tate. Mama mkwe wangu akapiga magoti kwenye majani yenye maji, na magoti yale yanamuuma. Akampokea kwenye ngozi, mtoto pamoja na kiazi chake, akainuka, akavuka.

Riziki hakuangalia nyuma. Alikuwa anarekebisha kiazi. Katikati ya mlima niliona Tate anainama, anatupa kiuno juu, na mtoto anarudi mahali pake.

Sasa hivi, nikikoroga maharagwe, nimejirusha. Nimeinama, nimetupa kiuno juu, na mgongoni hakuna mtu. Mama Feza amekuja kuomba moto, ameniona kutoka mlangoni.

"Unamubeba nani, Mama Riziki?"

"Niache," nimemwambia. "Mwili bado haujapata habari."

Amechukua kijinga chake cha moto, ameenda, halafu amerudi kukaa na mimi kidogo.

Tate amesema nisipande kumwona mpaka azoee, na hapo amesema kweli. Nitangoja. Jumapili hii nitakwenda kanisani, nitarudi. Jumapili itakayofuata nitapanda, polepole, bila kapu, bila mzigo wowote. Nitafika, nitamsalimu Tate, nitakaa chini kabisa, nitanyoosha miguu. Akitaka mwenyewe, atakuja mapajani.

Wamenikataza kubeba. Kupakata hakuna aliyenikataza.