Mabenchi Yako Wameyageuza, Koko

Koko,

Nakuandikia nikiwa na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Na wewe pia nimekukasirikia, kwa hiyo vumilia.

Jumapili iliyopita niliingia kanisani kwetu Anderlecht nikakuta mabenchi yote yanatazama mbele, kama ndani ya basi. Wamejenga jukwaa. Juu yake kuna kiti kimoja chekundu, cha Tonton Désiré, anayeongoza tangu tukuzike.

Wale wakulima waliojenga kijumba hiki karne ya kumi na tisa, wakati Anderlecht bado ni mashamba, walichoma matofali wenyewe. Walikuwa wamelikimbia kanisa kubwa, padri juu, watu chini. Ndiyo maana walipanga mabenchi yatazamane, bila madhabahu, na mwenye neno asimame aseme. Ulinieleza haya tukisugua madirisha kwa siki na magazeti. "Hapa hakuna muntu wa mbele," ulisema. Na kila Jumapili ulinigusa goti: "Leo?" Nilitikisa kichwa, sikuthubutu kusimama niseme. "Bon, benchi haitakimbia."

Limekimbia, Koko! Ulinipa muda kana kwamba ulikuwa nao.

Baada ya ibada nilimwendea Tonton, nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu haikufika hata kwangu mwenyewe.

"Eh, mademoiselle! Umemaliza shule juzi, donc sasa ni weye utapanga kanisa? Hapa si musée ya kutunza vitu vya zamani." Kisha akatangaza kwamba wiki hii wanaleta viti vya plastiki, na mabenchi yanakwenda kutupwa.

Watu walicheka. Hata Maman Béa, ambaye alipofiwa ulikaa naye siku nzima kwenye benchi lako, akilia begani mwako. Alicheka! Nililia hadi kituo cha metro.

Leo, Jumapili tena, nimewahi. Ufunguo wako ninao. Viti vya plastiki vimerundikwa ukutani, lakini mabenchi bado yapo. Nimeligeuza la kwetu peke yangu. Ni zito kuliko nilivyodhani, limekwaruza sakafu, usinigombeze. Nimelikalia, naandikia gotini, nimeutazama mlango. Watakapokaa, wataniona uso kwa uso, nami nitawaona.

Nawasikia nje wakikung'uta viatu. Sijui nitaanza na neno gani, lakini nitasimama, na sitakaa mpaka nimemaliza.

Pumzika, Koko. Usiniulize tena. Ni leo.

Mjukuu wako,
Grâce