Wateja Niliowatuliza

Nyakabiga, Bujumbura

Mdogo wangu Ramadhani,

Assalaam alaykum, wewe na wote mlio chini ya paa la marehemu baba. Mgongo wa mama umepata nafuu? Mara ya mwisho uliniambia hawezi hata kuinama kuwasha jiko, nami nikajibu haraka haraka kwamba nitatuma dawa, nikakata simu. Dawa ameibeba Bi Tatu pamoja na barua hii. Ni ya kuchua asubuhi na jioni, asije akainywa. Na wanao hawajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, sina homa. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha niandike, kwa sababu simu nimeizoea kwa kuongopea. Umeniuliza mara tatu nitafika lini kwa ajili ya ndoa ya binti yangu Mwajuma, na mara tatu nimekujibu "inshallah wiki ijayo." Nilijua siji, Ramadhani. Siruhusiwi kutoka Bujumbura.

Soma taratibu. Mama usimsomee mpaka umalize mwenyewe.

Unakumbuka nilivyoondoka Kigoma. Biashara ya spea ilikuwa imelala, rafiki akanipeleka kwa tajiri mmoja wa huku mwenye yadi ya magari. Wafanyakazi wote tulimwita Patron, nami nitamwita hivyo hivyo. Analeta magari yaliyokwisha kutumika, yanashushwa bandarini Dar es Salaam, yanakuja kwa barabara. Nilidhani amenichukua kwa sababu nazijua spea. Siku ya kwanza alininywesha chai, akaniacha nizungumze, kisha akacheka.

"Kiswahili yako iko tamu, Shabani," akasema. "Ya Tanzania kabisa. Mutu akikuya hapa na hasira, akikusikia we, atapoa. Mi sitaki ushike spana. Ukae pa ile meza, usikilize malalamiko."

Ikawa ndiyo kazi yangu. Watu wa hapa wanatusifu sisi Watanzania kwa maneno. Ukimwambia mtu "karibu uketi, mama, samahani sana kwa usumbufu," anaanza kulegea kabla hujamweleza lolote. Nilipewa meza, viti viwili na daftari kubwa. Nikachora safu za jina, gari na lalamiko. Safu ya mwisho niliiongeza mwenyewe, na humo nilikuwa naandika neno moja tu: Ametulizwa.

Walikuja wengi. Mchungaji wa Kanyosha, kiyoyozi cha gari lake kilipuliza joto. Fundi cherehani wa Jabe alifunua zulia la gari akakuta matope makavu mpaka ndani ya mikanda ya viti. Gari lilishazama kwenye mafuriko huko lilikotoka. Mwalimu mmoja alinunua gari ambalo kwa hesabu ya kilometa lilikuwa halijatembea sana, lakini kanyagio la breki limelika mpaka chuma kinaonekana. Wote niliwaketisha, nikawapa pole, nikawaita baba na mama. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, magari yanalala kwenye foleni za vituo, kwa hiyo kasoro nyingi nilizisukumia huko. "Ni haya mafuta ya kuokoteza, baba. Mazuri yakipatikana gari litatulia." Wanashukuru, wanakwenda. Wakirudi nawatuliza tena. Nisikufiche, kazi niliipenda. Nilikuwa sijapata kukaa mahali watu wakanisikiliza namna ile.

Sasa kuna mama mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira, ana meza ya mboga katika soko la Jabe. Tunamwita Maman Furaha. Yeye na mumewe walinunua pikapu kwetu, mume awe anateremsha nyanya na lengalenga, yaani mchicha, kutoka mashamba ya milimani, juu ya Kanyosha. Hati ya mauzo niliijaza mimi, nikatia sahihi mimi, kwa niaba ya Patron, kama nilivyofanya kwa hati zote.

Wiki mbili hazijapita akaja. "Mutanzania, ile gari inavuta kushoto. Bwana yangu akikanyaga frein, inataka kuingia mu mutaro."

Nikamweleza kwamba gari likikaa sana bandarini breki zake hulala, zitajizoea zenyewe. Nikaandika, akatulizwa.

Mara ya pili alikuja na pikapu yenyewe, na mimi nikataka kumridhisha. Nikaipeleka kwa Mzee Yusufu, fundi wetu, Mswahili wa hapa hapa ambaye hata babu yake alizaliwa mji huu. Mzee akaingia chini ya gari. Akakaa huko mpaka Maman Furaha akaenda kuketi kwenye benchi. Alipotoka alinivuta pembeni, mikono imejaa grisi.

"Shabani, hii si gari moja. Iko mbili. Mbele ni ya ingine, nyuma ni ya ingine, wameunga katikati wakapaka rangi. Ile soudure, pale walichomelea, imeanza kufunguka. Wallahi, mutu asipande hii gari."

Nilikwenda kwa Patron mbio. Hakukasirika hata kidogo. "Nimesikia," akasema. "Iko ingine inakuya, tutamubadilishia. We mutulize kwanza."

Ramadhani, alichokisema Mzee Yusufu kilikuwa hakina njia nyingine ya kumfikia yule mama isipokuwa mimi. Nilirudi pale kwenye benchi nikamwambia fundi ameona, ni kitu kidogo, ameshakikaza, tutampigia simu. Akasimama akanishika bega. "Aksanti, papa. We unatusikiaka."

Simu hakupigiwa. Mara ya tatu alikuja peke yake, kwa miguu, kutoka sokoni, vumbi mpaka magotini. Akasema mumewe sasa anaogopa kuteremka na mzigo. Nikamjibu kwa upole, "Mwambie aende polepole tu, mama." Nikaandika neno langu.

Ilikuwa mchana, siku ya Alhamisi. Mumewe anateremka na makreti ya nyanya, alipofika kwenye kona, sehemu ya nyuma ya gari ikaachana na ya mbele. Yeye alirushwa mtaroni na lile bodi la nyuma likamlalia. Hakukuwa na mtu juu ya mzigo, alhamdulillah. Hospitali walimkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Kesho yake Patron aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniomba daftari.

"Pa ile siku ya pili, ongeza maneno. Andika mukiliya, ile mama, aliambiwa asitembeze gari. Tena andika anabebaka mizigo kupita kipimo."

Nikamwambia, "Patron, hakuambiwa."

"Nani anajua kama hakuambiwa? Ni we." Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Angalia papier zote, Shabani. Signature ni yako. Mi siko hata pa papier moja. Na passport yako iko mu kabati yangu, tunafanya upya kibali, si ndiyo? Fikiri."

Hapo ndipo nilipoona mahali nilipo. Miaka minne nilidhani ananisifia ulimi, kumbe alikuwa anatafuta mkono wa kutia sahihi. Nikaomba siku moja ya kufikiri, naye akaniachia daftari nikaandike. Nikatoka na daftari ndani ya shati, na badala ya kwenda nyumbani nikaenda hospitali. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kutuliza.

Maman Furaha alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mumewe. Aliponiona akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Nilijua utakuya," akasema. "Mule mu yadi yote, ni we mutu moja tu alitusikiliza. Utatusemea."

Mume alikuwa macho, anatazama dari. Ulimi wangu ukaanza wenyewe: pole sana mama, haya ni mapito, Mungu ndiye mpangaji. Naye anaitikia, ananibana mikono, analia. Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia, "Mama, mimi nilijua. Fundi aliniambia siku ile ile, na wewe umekaa pale kwenye benchi."

Hakuniachia mara moja. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na mara ya tatu ukaniambia aende pole pole."

"Ndiyo, mama. Nakuomba, ukae kwanza, hasira..."

"Apana!" Akaitupa mikono yangu. Wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. "Usinitulize! Usinitulize tena hata siku moja. Maneno yako yote tamu iko wapi pa huu muguu? Kama uko na kinywa, nenda sema vile mbele ya serikali."

Mumewe ndipo akafungua mdomo, bila kugeuza kichwa. "Umwache aende. Asikae hapa."

Nilikwenda. Sikupita nyumbani, kwa sababu najijua, ningepita nyumbani nisingefika. Afisa wa polisi aliyenipokea alifungua daftari, akafunua kurasa moja moja kwa utaratibu. Akaweka kidole kwenye safu ya mwisho. "Ametulizwa. Ni kusema nini?"

Nikasema, "Ni kusema nilimdanganya." Akaandika hivyo hivyo.

Nilidhani ningetoka pale mwepesi. Sivyo. Patron aliitwa, akaja amenyoa vizuri, akasema lile gari la kuunga nililileta mimi, kwa kula njama na rafiki zangu wa Dar es Salaam. Passport yangu aliikabidhi yeye mwenyewe, kama raia mwema. Sasa katika faili moja mimi ni shahidi na mimi ni mshtakiwa. Kila Jumatatu nakwenda polisi kutia sahihi. Yadi bado iko wazi, na kwenye meza yangu amekaa mtu mwingine, nasikia naye anazungumza vizuri. Mzee Yusufu ametoa ushahidi wake, na kwa kufanya hivyo amepoteza kazi za Patron zote, lakini amenipa nafasi ya kuosha vyuma gerejini kwake. Mji wote umekuwa chumba changu, gereji, na ofisi ya Jumatatu. Asubuhi kukiwa kweupe naiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, nageuza macho.

Wale wengine wamejua nilipo. Yule fundi cherehani alikuja akaniuliza, "Na ile ya kwangu?" Nikamwambia lilizama, baba, na nyaya zake zinaoza kwa ndani. Akanitukana mbele ya mafundi mpaka akachoka. Mwalimu hakunitukana. Alikaa ndani ya gari lake pale nje, mikono kwenye usukani, muda mrefu. Maman Furaha nimemwona mara moja, Jabe, anapanga nyanya. Alinitazama, akaendelea kupanga.

Najua unachofikiri: Kigoma si mbali, njia za panya zipo, boti zipo, kwa nini asivuke. Nimefikiri, tena mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia. Nikitoroka, Patron atasema si mmeona, mwizi amekimbia, na lile daftari halitakuwa na mtu wa kulisimamia. Yule bwana atabaki na mguu mmoja na hakuna aliyekosa. Kwa hiyo nimekaa. Usidhani ni ushujaa. Kuna siku nazunguka chumba hiki nikihesabu hatua, sita kwa nne, natamani kupiga kelele.

Sasa la ndoa. Isiahirishwe. Mimi Shabani bin Athumani, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, nakuweka wewe kuwa wakili wangu, ndugu yangu Ramadhani bin Athumani, umwozeshe binti yangu Mwajuma kwa Idrisa, kama mlivyokubaliana. Mzee Yusufu na imamu wa msikiti wetu hapa wametia sahihi zao nyuma ya karatasi hii, mpelekee sheikh.

Lakini kabla ya hapo, nakuusia. Barua hii wasomee wakwe, yote, na uwasomee kabla ya ndoa. Usiwaambie nimebanwa na kazi. Waambie baba wa binti ana kesi, na alifanya nini. Wakitaka kurudi nyuma ni haki yao, usiwabembeleze. Na Mwajuma asikie kutoka kinywani mwako, ukiwa umekaa naye, asije akasikia uani.

Nisalimie mama, umbusu mikono. Msalimie mkeo, mwambie ile kanga aliyoniagiza iko kwa Bi Tatu. Wasalimie shangazi wa Mwanga na mumewe, jirani yetu muuza mkaa, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Mwajuma. Mama Mwajuma nimemwandikia yake peke yake, imo ndani, usiifungue.

Siku ya ndoa, sheikh akikwambia useme, tamka jina la Mwajuma lote usilimeze. Mmesema itakuwa saa nne asubuhi. Saa nne yenu huku kwetu ni saa tatu. Nitakuwa nimeoga, nimevaa kanzu, nimeketi chumbani mlango wazi, nikifuata saa yenu.

Kaka yako,
Shabani, baba yake Mwajuma