Sekunde Sitini za Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Ndege yetu imekwisha. Jumamosi, tarehe moja, saa mbili na dakika arobaini na saba asubuhi. Tulikuwa futi sitini tu juu ya lami, ndege ikabinuliwa kama kofia inayopeperushwa kichwani. Na upepo haukuwepo! Mimi mkono umetenguka. Mdogo wangu, aliyekuwa anarusha, kavunjika nyonga. Miaka kumi na tisa ya kazi hii — nilianza kwa kuosha vioo vya ndege za watu. Leo sina hata kioo.

Kosa ni la yule mwongoza ndege wa mnarani. Jeti kubwa lilitangulia, akaturuhusu kuruka nyuma yake. Kila bawa la jeti huacha kimbunga kisichoonekana, kinazunguka, kinashuka polepole. Anajua. Analipwa kujua!

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Mdogo wangu anatania: dada, kitanda hiki kinayumba kuliko ile ndege. Nikamwambia yule wa mnarani atanitambua. Akageukia ukutani. Eti, yaache dada. Niyaache?

Nimepita bandani. Doa la oili sakafuni, pale ndege ilipokuwa inalala. Natamani hata ule mlango wake mbovu, wa kufunga mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Wachunguzi wamenisikilizisha rekodi ya redio na ya ndani ya ndege yetu. Mtu wa mnarani, sauti safi kabisa: mkianzia katikati ya njia ya kurukia, subirini dakika tatu. Kisha sauti ya mwanamke: "Mbili zimetimia. Twende."

Mdogo wangu ameandika kwenye maelezo yake kwamba saa alishika yeye, dada hakusema kitu. Mchunguzi akauliza, macho kwenye karatasi: basi mwanamke huyu ni nani?

Mimi. Nikasaini.

Saa hushika mimi, siku zote. Siku zote tunaanzia mwanzo wa njia, dakika mbili. Siku ile nikasema tuingilie katikati, tusipoteze muda. Kichwa kikabaki na mbili. 120 badala ya 180! Tungeanzia mwanzoni, tungeinuka mapema, nyuma ya pale jeti lilipoinukia. Tukainukia mbele ya pale, ndani ya kimbunga chenyewe.

Nje fundi wetu ananiita kwa jina langu la utani: Kalkuleta, mbona leo umezima?

Jumanne, 11 Machi

Leseni yangu imesimamishwa. Miezi sita. Haki yao.

Mdogo wangu yuko kwa mama. Mama kwenye simu: mwache apumzike mwanangu, neno ndege hataki kulisikia.

Saa kumi na robo jioni jeti likapita juu ya paa. Mkono ulio mzima ukaenda wenyewe kutafuta usukani. Ukakuta kikombe.

Alhamisi, 13 Machi

Ujumbe kwa mdogo wangu nimeufuta mara nne. Wa tano nimetuma: "Ulinifichia kosa, nimeshalibeba mwenyewe. Sitaki pole. Nikirudishiwa leseni, utapanda na mimi, saa ushike wewe? Ndiyo au hapana. 'Tutaona' sitaki."

Ameusoma. Anaandika… Ameacha. Anaandika tena. Ameacha tena.

Nimeongeza: "Nijibu kesho, kabla ya jeti la jioni. Saa kumi kamili. Na safari hii nahesabu sawasawa. Ndiyo, au hapana?"