Waliitika, Nikaandika Wamekubali

Mpendwa Bi Sheikha,

Wengi wanaokuandikia huandika wakiwa katikati ya moto, mimi nakuandikia moto umeshazimika na hakuna aliyeungua, na ndiyo maana naona haya hata kuomba msaada, lakini kuna kitu kimoja kimenikaa kooni, kila nikikimeza kinarudi, na leo, Jumatano tarehe 29 Aprili, nimebakiwa na siku nane tu za kuamua.

Mimi ni mwanamme wa miaka thelathini na moja, nakaa Mtoni na mke na mtoto mmoja, nimesoma hadi kidato cha nne, na kazi yangu ni ukarani katika hoteli moja ya Kiwengwa ambayo sitaitaja. Mwaka huu nimejiunga na masomo ya jioni hapa mjini, cheti cha uongozi wa biashara za kimataifa, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la namna utamaduni unavyoongoza maamuzi ya biashara. Mwalimu wetu, Bwana Wakil, hutuambia kwamba utamaduni si kanzu na ngoma peke yake. Ni nani anayesema kwanza kikaoni, nani ananyamaza, na kunyamaza kwake kuna maana gani. Nina daftari ambalo kila siku naandika tarehe na yaliyotokea, kwa hivyo haya ninayokueleza sikuyabahatisha.

Jumanne tarehe 7 Aprili meneja wetu, Bwana Matthias, ambaye ni mtu wa Austria, alikutana na wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha wakulima wa mwani, akiwemo mama yangu mdogo Riyama, nami nikiwa mkalimani na mwandishi wa muhtasari. Alitaka mambo mawili: wailetee hoteli mwani mbichi kila Jumamosi kwa ajili ya kusingia wageni, yaani kuwasugua mwili, na wasimuuzie mtu mwengine yeyote kwa miaka miwili. Nikatafsiri, wakasikiliza, wakanyamaza kama watu wanavyonyamaza wanapotaka kwenda kuulizana kwanza. Yeye hakungoja, akachukua orodha ya majina akaanza kusoma, "Bi Wanu?" na Bi Wanu, mwenyekiti wao, akaitika "Naam," huku anamtazama, anangoja aambiwe anaitiwa nini, naye akatia alama ya kukubali akaenda kwa wa pili, "Naam," akatia alama, wa tatu, "Naam," mpaka akawamaliza wote. Bwana huyu amekaa Muscat miaka minane kabla ya kuja kwetu, na huko ukimuuliza mtu jambo akakwambia "naam" basi amesema ndiyo. Hapa kwetu mtu akikuita jina unaitika "naam", hata mtoto anajua, na kuitika si kukubali.

Bi Sheikha, nilijua tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kando yake na kalamu mkononi, nikajiambia si adabu kumkosoa mkubwa mbele ya watu, tena mgeni, tena ndiye anayenipa kazi, na siku ya pili, tarehe 8, nikaandika kwa mkono wangu, "Wajumbe wote kumi na mmoja wamekubali," nikatia saini.

Ijumaa tarehe 10, baada ya sala, nilipita kwa mama mdogo Riyama.

"Hebu nambie," akasema hata sijakaa, "yule bwana wenu ana nini? Kaniita jina, nshamwitikia, hasemi kitu! Kahamia kwa mwenzangu."

"Labda alikuwa anahakikisha majina, mama."

"Majina? Wanu anasema anatupima sauti, anataka kuanzisha taarab hoteli!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akauliza, "Na ule mwani wa kila Jumamosi, ushamwambia haiwezekani? Wiki ya maji mafu bahari haitoki, shamba haliingiliki. Nani atamvunia, samaki?"

"Nitamwambia."

"Nawe ulikuwepo. Hukuona kama kuna jambo haliko sawa?"

"Sikuona, mama," nikasema, na huo ndio uongo wangu wa kwanza wa kutamka kwa mdomo.

Nikakaa nao mpaka Alhamisi tarehe 16, siku aliyosema Bwana Matthias kwamba kesho yake muhtasari unakwenda makao makuu kwao ili mkataba uandikwe, na hapo nikaona kwamba nisiposema leo sitasema tena, nikaingia ofisini kwake nikamwambia, "Bwana, jana mama yangu mdogo kanieleza jambo ambalo sikulijua." Jana si kweli, na sikulijua si kweli, lakini yaliyobaki nilimweleza sawasawa. Alibadilika uso, akashika kichwa, kisha akaangua kicheko. "Kumbe nilikuwa naita mahudhurio," akasema, "kama mwalimu!" Akanishukuru mara tatu.

Tarehe 21 tulikutana nao tena, safari hii amekaa mkekani, akauliza, akawaambia wakashauriane naye atasubiri. Tarehe 23 wakaja na maneno yao: mwani mbichi wakati wa bamvua tu, maji yanapokauka vizuri, wiki nyengine wataleta mkavu, na wanunuzi wao wa zamani hawatawaacha. Akakubali yote. Bi Wanu akamwambia, "Leo ndio umetuuliza, bwana." Wakatia saini, na siku hiyo nilirudi Mtoni nimepumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Sasa sikiliza kilichobaki. Jumatatu tarehe 27 Bwana Matthias amenipa barua ya cheo kipya, ofisa wa uhusiano na wazalishaji, "kwa umakini wako," ndivyo ilivyoandikwa, na sijaitia saini. Bwana Wakil naye amepata habari, anataka Alhamisi ya tarehe 7 Mei nisimame mbele ya darasa nieleze namna nilivyogundua kosa lile, na meneja amealikwa. Kila mtu anadhani niligundua. Mimi sikugundua, nilikuwepo. Mke wangu Asila anasema, "Mungu keshakusitiri, nawe wataka kujivua nguo? Nani kaumia?" Na katika insha yangu ya mwezi wa Machi nilishaandika kwamba utamaduni wetu haumruhusu mdogo kumkosoa mkubwa, nikapata alama za juu, kwa hivyo wakati mwengine najiambia kwamba siku ile haukuwa woga wangu, ulikuwa ni utamaduni. Je, nitie saini ninyamaze, au niseme na cheo kiende?

Mkalimani wa Mtoni

*

Mwanangu wa Mtoni,

Nimecheka kwenye habari ya taarab mpaka chai ikanimwagikia, kwa hivyo nakudai kitambaa cha meza. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, na mara ya pili sikucheka.

Kwanza pumua, maana unastahili. Mkataba ni mzuri, kina mama wameulizwa na wamejibu kwa akili zao, meneja wako amejifunza kukaa mkekani. Na tarehe 16 uliingia ofisini kwake kwa miguu yako mwenyewe wakati ungeweza kukaa kimya. Uliingia na uongo mkononi, lakini uliingia. Wapo walioiacha karatasi ikaenda.

Sasa nikugombeze. Unauliza nani kaumia. Nakuuliza mimi, ungenyamaza siku moja zaidi, angeumia nani? Mkataba ungekuja umeandikwa, wanawake wangekataa kutia saini, na yule bwana angefungua muhtasari wako akasema, "Hawa walikubali wote kumi na mmoja, leo wanageuka." Mama yako mdogo angeitwa mtu asiye na neno, kwa saini yako. Hilo ndilo ulilokuwa umelishika siku tisa, ukaenda kwake ukakaa, ukamdanganya naye anacheka.

Halafu unaniletea utamaduni. Mwanangu, mimi nimezaliwa Malindi ya hapa hapa mjini na huu utamaduni naujua. Ni kweli, hatumkosoi mkubwa mbele za watu. Lakini kwani mafunzo yaliishia hapo? Kwetu mtu anangoja kikao kivunjike, anamvuta mwenzake pembeni, anamwambia, "Samahani, kuna neno dogo." Bibi zetu wameendesha nyumba zenye wakubwa wakali kwa hilo neno dogo. Adabu ilikuzuia kusema mbele ya wanawake kumi na mmoja. Haikukuzuia kusema walipokwisha ondoka, wala haikukushika mkono uandike "wamekubali". Unazo tarehe zote umeziandika mwenyewe. Nionyeshe ile ambayo utamaduni ndio uliokuziba mdomo saa ishirini na nne. Huipati. Ulikuwa woga wa kazi, na woga huo nauelewa, una mke na mtoto. Uite tu kwa jina lake.

Mkeo anakutakia heri, mwambie nimesema hivyo. Ila sitara anayoisema ni ya aibu ya mtu na Mola wake. Wewe hapa hukusitiriwa tu, umevishwa joho. Umepewa sifa ya kazi usiyoifanya na sasa unaalikwa kuionyesha hadharani. Ukisimama tarehe 7 ukasema "niligundua", huo utakuwa uongo mpya kabisa, wenye wasikilizaji. Na kila utakapokaa baina ya bwana yule na kina mama, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya hicho cheo, utakuwa unajiuliza nani kati yao atakuja kuzihesabu siku ulizokaa kimya.

Basi fanya hivi. Usiitie saini ile barua bado. Mwone Bwana Matthias peke yake, kabla ya siku ya darasa, si siku yenyewe. Daftari liache nyumbani, hii si kesi ya mahakamani. Usianze na "unajua" wala "labda", wala usimtaje Muscat, maana kosa lake ameshalicheka na kulimaliza. Mwambie, "Nilisikia siku ile ile kwamba hawajakubali. Niliogopa kukwambia, nikaandika nisichokiamini." Kisha nyamaza wewe, mwache yeye aseme. Mrudishie barua yake mezani, aamue mwenyewe kama bado anamtaka mtu huyu. Nadhani atakutaka, kwa sababu meneja aliyekubali masharti ya watu wengine bila ya kununa anajua thamani ya anayemwambia kweli, hata kama imechelewa. Lakini sikuahidi. Akiichukua barua utabaki na ukarani wako, na si ukarani uliokunyima usingizi.

Baada ya hapo nenda kwa mama yako mdogo. Yeye utamwomba radhi na zaidi ya hapo usijitetee, atakutukana kidogo kisha atakupa chakula.

Na darasani simama. Usimkimbie mwalimu wako, mpe kile alichokiomba, tena zaidi. Waeleze neno lilivyogeuka maana baina ya nchi mbili, halafu waeleze mkalimani aliyekuwa anazijua maana zote mbili akachagua kunyamaza. Wenzako hao kesho watakaa kando ya mabwana wa kila namna na kalamu mkononi. Kosa la mgeni wanaweza kulisoma vitabuni. Hili la kwako hawatalipata kwa mtu mwengine. Na ile insha yako ya Machi, mwambie Bwana Wakil unataka kuiongeza ukurasa mmoja.

Barua hii inatoka gazetini Jumamosi, na Kiwengwa wanasoma magazeti. Kwa hivyo huna siku nane tena, mwanangu, una siku mbili. Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajamwekea gazeti mezani, bisha hodi, ingia, ufunge mlango, useme.

Bi Sheikha