Programu Niliyoichagua kwa Pembe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekama. Nimepeleka maziwa barabarani. Mvua bado. Nina miaka themanini na moja, na nimezika wake wawili, machifu wanne, binti yangu mmoja, na fahali watatu wa kupigana. Huyo wa mwisho, Ngurumo, alipokufa watu walikuja matanga yake kama ya mtu. Mimi bado niko. Macho mazuri. Kuandika nilifunzwa ngumbaru nikiwa mzee tayari, na nilikuwa wa kwanza. Mwalimu mwenyewe alisema.

Nyumbani tuko wawili. Mimi na Muhonja, mtoto wa huyo binti niliyezika. Ana miaka ishirini na mbili. Damu yake ni mbaya tangu kuzaliwa, hospitali wanaitanga sikoseli. Ikimshika, mifupa inauma mpaka analia bila sauti. Alikuwa anasomea umeme chuo cha Sigalagala. Mwaka jana ilimshika sana, akaacha. Tangu hapo haongei. Ndiyo kuka. Hapana kuka, hivyo ndivyo tunaita babu. Basi.

Anapenda kitu kimoja. Gemu ya mpira kwa kompyuta. Wachezaji ni picha tu lakini wanatoka jasho. Anafunga vijana wote wa hapa Lubao. Hiyo amerithi kwangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo ameongea. Maneno mengi mpaka nikaweka kikombe chini.

Kuna kikundi Nairobi wanachezanga hiyo gemu. Jumamosi wanatafuta mtu wa kuongeza. Mtu anacheza akiwa kwao nyumbani, picha inaenda laivu kwa mtandao, wao wanatazama na kusikiza vile anaongea. Wakimpenda, anakuwa wao. Atacheza nao kila wiki. Hakuna safari. Hakuna darasa. Kitanda chake ndiyo uwanja.

Lakini kompyuta peke yake haipeleki laivu. Inataka programu. Ziko nyingi. Bando yetu ya nyumbani ameiweka ya Jumamosi, kwa hivyo programu ikawekwe saiba, ile duka ya kompyuta mjini. Yeye vidole vimefura, baridi ya asubuhi itamwangusha. Niende mimi.

Aliniambia hivi. Kuka, waambie ile ya bure. Ile nyeusi, haina urembo. Usichukue ingine.

Halafu akasema yeye akikosa hii nafasi, kompyuta irudi kwa sanduku, na yeye alale tu. Alisema bila kulia. Hiyo ndiyo ilinitisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetoka saiba na kompyuta. Kijana wa pale anaitwa Brayo. Nimemwambia vile Muhonja alisema, lakini kwanza anitolee zote nizione, kama pale soko ya ng'ombe. Mimi sinunui kitu kimefungiwa ndani ya nyumba.

Akanionyesha tatu. Moja ya simu, ndogo, nikaikataa bila kuizunguka. Ya pili ile nyeusi ya bure. Nikaangalia. Hakuna kitu. Masanduku matupu na giza, kama boma imehamwa. Ya tatu ndiyo ilinisimamisha. Rangi. Majina yanawaka. Kengele inalia mtu mpya akiingia. Vikaragosi vinacheza pembeni. Hiyo ina pembe. Hiyo ina shingo.

Brayo akasema hiyo nyeusi inasumbua kupanga lakini ni nyepesi, inaacha gemu ipumue. Hii ya rangi imepangwa tayari, wanaoanza wanaipenda, lakini inakula kompyuta, na hii kompyuta yenu ni ya zamani, mzee.

Nikamuuliza ni gani inakula sana. Akasema hii ya rangi.

Nikasema weka hiyo. Tangu nizaliwe sijaona fahali anayekula kidogo akishinda. Na fahali ya bure nayo naijua. Ama ni mgonjwa ama imeua mwenye kuifuga.

Brayo akasema, lakini si msichana alisema ile ya bure. Nikamuuliza kijana, umewahi kuchagua fahali. Akageukia kompyuta. Akaweka.

Nimerudi nikiimba.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Muhonja ameangalia kompyuta muda mrefu. Akasema kuka, hii siyo.

Nikamwambia ni bora. Nikamwonyesha kengele. Hakucheka.

Ikiwa peke yake inaenda vizuri. Gemu ikifunguliwa, kompyuta inalia kama posho mill ya kusaga mahindi na inakuwa moto. Akaniomba niirudishe kesho, Brayo abadilishe. Nikakataa. Kwa hii boma mimi ndiye nachagua kinachoingia kwa mlango, na nilichochagua hakijawahi kurudi sokoni. Ng'ombe hata mmoja. Aulize mtu yeyote.

Akasema ndiyo kuka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mvua imeanza. Sikuenda mjini.

Ningeweza kwenda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilikuwa nimeambia soko nzima. Hamisi alikuja kutoka Shianda, huyo tumeuziana ng'ombe tangu tuko vijana. Amefunga Ramadhani, akakaa mlangoni bila hata maji. Jirani yetu Rasoa alileta ingokho, kuku wa kwetu, imepikwa tayari, ya kusherehekea. Mimi nilivaa koti.

Muhonja alijifunika blanketi, akaweka kile kitu cha sikio, akasalimia watu wa Nairobi. Sauti nzuri. Sikujua ana sauti hiyo. Mpira ukaanza. Akapita mmoja, akapita wa pili.

Halafu wakasimama. Wachezaji wote. Mguu mmoja juu, kama wamepigwa na radi. Kompyuta ikapiga kelele. Wakatembea kidogo, wakasimama tena. Huko Nairobi wakaandika, Muhonja akasoma kwa sauti ndogo. Umeganda. Hatukusikii. Umeganda.

Vikaragosi havikuganda. Viliendelea kucheza pembeni. Kengele ikalia kwa furaha, ati kuna mtu mpya ameingia. Alikuwa anaingia kuona mtu ameganda.

Wakatoka mmoja mmoja. Muhonja akafunga kompyuta pole pole, kama mtu anafunika maiti. Akageukia ukuta.

Hamisi akasema pole, mzee mwenzangu. Rasoa akarudi na sufuria yake. Mimi nikaenda kwa ng'ombe. Walikuwa wamekula. Hakukuwa na kazi yoyote huko. Nilisimama tu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Muhonja bado anaangalia ukuta. Uji umelala kwa kikombe.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Imemshika alfajiri. Mgongo, kifua, mikono. Rasoa ndiye ametafuta gari. Tuko hospitali. Wamemwekea maji ya mshipa. Mimi niko kwa benchi nje, naandika nisionekane nimekaa bure.

Mimi nimewahi kumshika Ngurumo puani akiwa na hasira na watu wanakimbia. Leo nilitaka kumshika Muhonja mkono. Akasema kuka usiguse, inauma.

Daktari ni mtoto. Nilimuuliza nifanye nini. Akasema mzee, umefanya, umemleta. Sijafanya kitu. Rasoa ndiye alimleta.

Ni baridi ilimshika ama ni mimi. Sijui. Hakuna mtu wa kuniambia. Naogopa hata kumuuliza Muhonja.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Amelala. Mimi sikulala. Maji yanadondoka kwa ile chupa. Nimeyaangalia.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Tuko nyumbani. Mifupa imetulia. Yeye hapana.

Simu yake ilitoa mlio. Akasoma, akaigeuza uso chini. Jioni akaniambia, bila mimi kuuliza. Wale wa Nairobi wamesema mtu alipata shida ya mitambo anaweza kujaribu tena tarehe ishirini na mbili. Nikasema hiyo ni habari njema. Akasema sijaribu.

Nikasema mengi. Nikamtajia fahali walioshindwa mara ya kwanza. Akavuta blanketi mpaka kichwani. Nikaongea na blanketi.

Nilipika obusuma, ugali yetu. Nilikula mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimebeba kompyuta nikaenda kwa Brayo. Sikumwambia Muhonja. Nikasema weka ile nyeusi.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Ingekuwa afadhali.

Akatoa ile yangu ya pembe. Ilichukua muda kutoka, ilikuwa imekula kila mahali. Akaweka ya bure. Akanionyesha vile inapangwa. Sanduku hili unaiambia picha itoke kwa gemu. Hili unaiambia sauti itoke kwa mdomo. Halafu akapunguza ukubwa wa picha, ati bando ya kijijini isibebe mzigo wa mjini. Hiyo nilielewa. Punda nimefuga. Akapanga zote mwenyewe, akanionyesha kitufe cha kuanza. Kimoja tu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Niliweka kompyuta kando ya kitanda. Hakuangalia. Nikamwambia ni ile yako nyeusi. Akasema asante kuka, na macho kwa ukuta.

Nilikaa. Sikuwa na kitu kingine kichwani. Maneno yameisha, fahali wameisha, dawa ni ya hospitali. Nikachukua ile padi yake ya kuchezea, nikafungua gemu vile nimeonanga akifanya, nikabonyeza kitufe cha Brayo.

Sijawahi kucheza. Vidole vyangu ni vya jembe. Wachezaji wangu walikimbia wote upande mmoja. Nikawaita vile naitanga fahali uwanjani, kwa majina ya baba zao, nikawaambia waingize pembe. Mmoja akasikia. Akachukua mpira, akakimbia nao vizuri sana, akaupiga wavuni. Nikasimama nikashangilia.

Nyuma yangu, kutoka kwa blanketi, sauti. Kuka, umejifunga.

Nikasema bao ni bao.

Umefunga goli letu sisi, kuka.

Nikasema hata hivyo ni zuri. Nikaendelea. Nikajifunga tena bila kutaka. Akasema kuka wacha, unatuaibisha. Nikasema nani ananiona, niko nyumbani kwangu. Hapo akainuka. Akaja na blanketi mabegani, akaangalia. Akashika mdomo.

Nani alikuambia uende laivu na jina langu.

Sikujua kitufe ndiyo laivu yenyewe. Nilidhani ni ya kuwasha tu. Kulikuwa na mtu mmoja anatazama. Alikuwa Brayo. Ameandika pembeni, Muhonja akasoma kwa sauti. Picha inatembea safi, lakini huyu mchezaji mtoe.

Akacheka. Akashika mbavu, kwa sababu kucheka bado kunauma. Akaninyang'anya padi. Alicheza mpaka bando ikaisha. Hakuganda hata mara moja. Kompyuta ilikuwa kimya, unasikia mvua.

Sikusema ile nyeusi ni nzuri. Sitasema. Lakini hapa naandika. Ni nzuri.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimekama. Mvua.

Nimefukuzwa, niko jikoni. Amesema nikikaa karibu napiga kelele. Ni kweli. Nimekaa kwa moto na ukuta katikati yetu. Watu wa Nairobi wako naye tangu saa nane. Anaongea haraka, nusu Kiingereza, nusu ile lugha yao ya vijana. Sielewi. Kuna mahali anacheka na wao wanacheka.

Hawajasema kama wanamchukua. Watasema. Na damu yake ni ileile. Baridi ya mwezi wa sita itakuja, na hiyo sina fahali wa kuizuia. Nikiwa bado niko nitaita Rasoa atafute gari. Nikiwa siko, sijui.

Yote nimeandika ni vile ilikuwa. Hamisi wa Shianda alikuwa mlangoni siku ile ya kuganda, amefunga, na mtu aliyefunga hasemi uongo. Rasoa anajua ya hospitali. Brayo wa saiba aliona magoli yangu mawili. Muhonja mwenyewe ataulizwa baadaye. Sasa anaongea na watu.