Njiwa wa Sebuleni

Al Mankhool, Dubai
4 Februari 2024

Mdogo wangu Fridah,

Hujambo? Mwanangu Desire anaendeleaje na kile kikohozi? Mimi mzima.

Mama ameniambia umehamia kwa Harrison, mume wangu, kwenye nyumba niliyoijenga Machakos. Nililia sana. Sasa khalas, yamekwisha.

Cyrus, Mkenya mwenzangu wa huku, anakuja likizo. Nimempa zawadi yenu. Unajua nafanya kazi kwa Madam Lin, Mchina anayefundisha kuchora ndege na maua. Nilianza kwa kumwoshea brashi, siku hizi ananifundisha. Kwao kila kiumbe kina neno lake: bata wawili ni ndoa, korongo ni maisha marefu, ua la peoni ni utajiri. Hii nimeichora mwenyewe: njiwa ametulia kwenye kiota, na kwenye tawi la pembeni ndege mweusi mwenye tumbo jeupe analowa mvua. Itundike sebuleni, wanapokaa wakubwa wa Harrison.

Dada yako,
Dorah

Machakos
3 Machi 2024

Dada yangu Dorah,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, na kikohozi cha Desire kimeisha. Wewe je?

Niliifungua barua yako nikitarajia laana. Nikakuta njiwa! Roho Mtakatifu ndani ya nyumba yetu. Pasta Elias ameiombea. Hata Mama, ambaye hakuwa akinisemesha, alikuja kuiona. Asante kwa kunisamehe.

Jumapili ijayo Bwana Zhao, mkubwa wa Harrison kwenye kazi ya barabara, anakuja kula kwetu. Wanasema Harrison atapewa usimamizi.

Mdogo wako,
Fridah

Machakos
19 Machi 2024

Dada,

Sijui nikusalimie vipi. Desire hajambo. Mimi napumua tu.

Bwana Zhao hakukaa hata kidogo. Alisimama mbele ya picha akauliza nani amechora. Harrison akajibu kwa majivuno, "Zawadi ya shemeji." Zhao akacheka, kisha akaacha.

"Kwetu njiwa huyu ni mwizi," alisema. "Hajengi. Anaingia kiota cha mwenzake, anamfukuza. Hii nyumba ya nani?"

Desire alikuwa ameshika sahani ya kachumbari. "Ya mama yangu," akasema. "Yuko Dubai. Yeye ndiye aliyechora."

Kumbe Harrison aliwaambia kazini kwamba ulifia huko! Walimchangia mazishi, na Zhao mwenyewe alimpa ruhusa akakuzike. Mzee wa watu alitoka bila kugusa chakula. Kesho yake Harrison akaachishwa kazi. Akanipiga kwa kuitundika ile picha, akabeba televisheni na godoro, akaenda zake.

Ulijua maana yake tangu mwanzo?

Mdogo wako,
Fridah

Dubai
5 Aprili 2024

Fridah,

Salamu. Afya yangu haijawahi kuwa njema hivi.

Nilijua. Madam Lin alinionya kwamba picha kama ile hapewi mtu. Nikamwambia ninayempa anastahili. Barua yako niliisoma kwenye metro nikicheka mpaka mama mmoja Mfilipino akahama kiti. Kwa hiyo nilizikwa! Basi maiti amefufuka na anataka chake. Vigae nilivituma kutoka Deira. Geti langu, vitasa vyangu. Nakuja Juni, nisikukute. Funguo mwachie Mama, na using'oe hata msumari.

Ulipolala kitandani mwangu hukuuliza mimi nalala wapi. Nami sikuulizi utalala wapi.

Dada yako,
Dorah

Machakos
28 Mei 2024

Dorah,

Natumaini u mzima, na mwenye nyumba.

Nimefagia, nimefunga. Funguo anazo Mama.

Nilipokuwa nasoma barua yako, Desire aliuliza, "Mama amesema nini juu yangu?" Nikatafuta. Ulitaja vigae, geti, vitasa na msumari. Nikamwambia umemsalimia.

Akanyoosha mkono. "Nipe nisome mwenyewe."

Anasoma vizuri siku hizi. Aliimaliza yote, akageuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu, akanirudishia. Kisha akaenda kukunja nguo zake.

Jana nilimpeleka kwa Mama akungojee huko. Alikataa kushuka kwenye pikipiki. Mama alimbembeleza. Ningeweza kumlazimisha, Dorah. Nilikukumbuka ukicheka kwenye metro, nikamwambia mwenye pikipiki, "Twende."

Usitutafute Machakos.

Mama Desire