Spika za Bulwa na Ukuta wa Nyuma

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Zimefika! Spika mbili, kila moja inanifika kifuani, mbao ngumu tupu, nzito kama jeneza lenye mtu ndani — astaghfirullah, nalifuta hilo neno. Zimetoka Bulwa, kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa chai ambao unabomolewa. Mkwe wangu Rashidi anafanya kazi huko, ndiye aliyeniombea. Gari limeingia saa nne, ukungu bado umelala.

Balaa likaanza mlangoni. Hazipiti! Tumezigeuza kila upande, wanaume sita, mlango wa mbele umekataa kabisa. Kristofa seremala akasema tupitie nyuma, mlango wa jikoni ni mpana. Sawa, lakini nyuma kuna mtaro wa maji, kati ya nyumba na mlima. Tukaujaza mawe na udongo, tukashindilia, tukaziviringisha juu ya magogo mpaka ndani. Nimesema nitauzibua kesho.

Mke wangu Sharifa alisimama tu, mikono kiunoni. Akasema leo kaletewa wake wenza wawili kwa mpigo. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kidogo.

Mwanaisha hakutoka. Ana siku kumi tangu ajifungue, amekuja kujifungulia kwetu kama ilivyo desturi, yuko chumba cha nyuma na kichanga chake Sabra, anakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mjukuu wangu wa kwanza! Siku ya arobaini nitaziwasha hizi spika bonde zima lisikie. Miaka thelathini na moja nimetengeneza redio za watu pale sokoni Lushoto. Sasa nitengeneze kitu changu.

Jumapili, 5 Novemba

Nimefungua ya kwanza. Kila skrubu nimeilegeza polepole. Kwa nini? Ni spika tu. Lakini koili, ule waya uliosukwa unaoitikisa spika, ikiwa imeungua, basi tena, huku hakuna wa kunisukia nyingine.

Ndani kiota cha panya. Koni ya karatasi nzima, alhamdulillahi. Ukingo wake wa sponji, ule unaoiacha koni iende mbele na nyuma, umekuwa unga. Nimeugusa ukamwagika mapajani. Nikagusisha waya kwenye betri ya saa ya ukutani. Tup! Koni ikaruka. Iko hai! Nimekaa chini nikacheka peke yangu mpaka Sharifa akaja kuchungulia.

Mvua imeanza saa nane. Mtaro bado. Siwezi kuchimba kwenye mvua hii na kifua changu hiki.

Jumanne, 7 Novemba

Sponji ya aina ile sina na sitaipata. Nimekata kitambaa cha mwavuli mbovu, nikakipaka gundi nyembamba tabaka tatu. Kinanesa vizuri. Kazi ya ujana wangu hii!

Hofu yangu ni moja: koni ikikauka imelala upande, koili itasugua sumaku na spika itakoroma kama mzee mwenye pumu. Kwa hiyo sanduku lazima lilale sawasawa. Kristofa ameniazima pima maji yake, ile yenye kipovu cha kuonyesha usawa. Nimepachika vipande vya mbao chini mpaka kipovu kikakaa katikati kabisa. Nikakitazama robo saa nzima. Sijui niliogopa nini, kana kwamba kitaondoka nikigeuka.

Mvua tena. Kutwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Baada ya swala nimeziwasha.

Sauti hiyo! Nimeweka mkanda wa dansi wa zamani, besi ikapita chini ya sakafu ikanipandia miguuni. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Hapohapo Sabra akaanza kulia, vumbi likadondoka kutoka darini likaniingia jichoni, na Sharifa akapiga kelele toka jikoni kwamba Baba Mwanaisha, unataka kutuzika? Nikazima.

Kitu kimoja. Kabla ya kuwasha niliweka pima maji juu ya masanduku, kwa mazoea tu. Kipovu kimesogea. Kidogo, unene wa uzi. Juzi niliyasimamisha yakawa sawa kabisa. Nadhani mbao zimevuta unyevu zikapinda. Nimekunja boksi la sabuni nikalipachika chini, yakawa sawa.

Mtaro bado. Nitamtafuta kibarua.

Jumapili, 12 Novemba

Kipovu kimesogea tena. Yote mawili, na yote upande mmoja — upande wa bondeni. Nimetoa pima maji nikaipangusa, nikairudisha, nikaigeuza. Vilevile. Mbao za masanduku mawili hazipindi sawasawa siku moja. Hilo hata mtoto analijua.

Halafu nikauona ufa. Uko kwenye ukuta wa sebuleni unaopakana na chumba cha Mwanaisha, umeanzia darini, umeshuka mpaka usawa wa bega langu. Kidole hakiingii, lakini kucha inaingia. Mimi! Besi yangu! Nimepasua nyumba yangu mwenyewe kwa muziki wa dakika kumi!

Nikatafuta kalenda ya mwaka jana nikaitundika pale. Sharifa ameniuliza kalenda iliyopitwa na wakati ni ya nini. Nimesema napenda picha yake. Ni picha ya trekta.

Sitaziwasha tena. Nimezifunika shuka.

Jumatatu, 13 Novemba

Asubuhi Mwanaisha aliita kutoka mlangoni kwake. Baba, mkeka wangu unalowa kwa chini. Nimesimama kizingitini, sikuingia. Nikamwambia ni yale maji ya kukandwa, mama yako anamwaga ovyo. Akasema labda.

Sharifa hamwagi ovyo. Sijawahi kumwona akimwaga kitu ovyo.

Jumatano, 15 Novemba

Kristofa amepanda kutoka Gare kufuata pima maji yake. Nilitaka kumpa mlangoni aende. Akasema aonje kwanza hizo spika anazosikia sifa zake. Akaingia. Yule mtu ana macho ya seremala, haangalii kitu mara mbili. Kaona masanduku yalivyopachikwa maboksi, kaona mlango wa chumba hauingii kwenye fremu. Akaenda moja kwa moja kwenye kalenda, akaifunua kwa kidole.

Nikamweleza habari za besi, kwa sauti ya chini, Sharifa asisikie. Nikamwomba aniambie kama saruji itatosha. Hakucheka. Akasema besi inadondosha vumbi, haisukumi nyumba. Akatoka nyuma, nikamfuata. Akasimama pale tulipopitisha spika, maji yanabubujika kutoka mlimani, yanafika pale, yanapotea. Hayaendi kushoto wala kulia. Yanaingia chini ya nyumba.

"Fundi," akaniuliza, "mtaro uko wapi?"

Siku kumi na moja! Kila mtu wa milima hii anajua, ukichonga mlima ukajenga, kwanza mtaro, halafu ndiyo mlango. Baba yangu aliuchimba huu kabla hajaweka hata tofali moja. Mimi nimeukanyagia udongo kwa miguu yangu, nikaushindilia, nikashangilia.

Kristofa akasema mzazi na mtoto watoke leo. Siyo kesho. Akasema nusu ya mbele ya nyumba imekaa kwenye udongo wa kujaza, ukishiba maji unaondoka. Nikamwambia sawa, nitazungumza na Sharifa. Akaniangalia. Akaenda.

Sikuzungumza na Sharifa.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimechimba tangu alfajiri, kwenye mvua. Nikitoa jembe moja, mlima unaleta mawili. Udongo wa juu unamegeka ukiuangalia. Mara moja ulinidondokea kisogoni, pande la ukubwa wa sufuria, nikakimbia mpaka uani nikiwa na kiatu kimoja. Nilirudi. Nikachimba huku naangalia juu, naangalia juu, mpaka shingo ikakakamaa.

Sharifa aliniletea chai, akasema sasa ndiyo umekumbuka? Nilikuwa karibu kumwambia. Kabisa! Mdomo ulifunguka. Badala yake nikasema chumba kile kina baridi, kwa nini Mwanaisha asihamie kwa shangazi yake Mwajuma, ng'ambo ya kijito, nyumba yake ina moto mkubwa.

Akanikatalia palepale. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Atapata baridi ya mgongo maisha yake yote, na mtoto atapatwa na jicho. Rashidi na mama yake watasema nini, tumekabidhiwa mtu tukamtembeza kwenye mvua ana siku ishirini na mbili? Nikasema basi ahamie sebuleni. Akasema sebule iko wapi? Umewapa wake zako.

Neno moja tu lingetosha. Nyumba inaondoka. Maneno mawili. Lakini angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema, na yeye angekumbuka kila siku nilipomwambia mtaro kesho. Naandika hapa ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: namwogopa Sharifa kuliko mlima. Mtu mzima wa miaka sitini na minne!

Ufa umefika chini ya kalenda.

Ijumaa, 17 Novemba

Niko kwa dada Mwajuma. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Kulipokucha mlango wa jikoni haukufunguka. Nikachungulia dirishani: mlima umeshuka usiku, udongo mwekundu umeegemea mlango mpaka kwenye komeo. Mtaro niliouchimba jana hauonekani hata ulipokuwa. Ukuta ukatoa sauti. Siyo kubwa, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti.

Nikamwambia Sharifa. Nikiwa nimesimama, nimeshika kofia mkononi kama mshitakiwa. Mtaro, mawe, kipovu, kalenda, mkeka, alichosema Kristofa juzi. Yote.

Hakunipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, Kristofa alikwambia lini? Nikasema Jumatano. Akarudia, Jumatano. Kisha akaingia chumbani, akamfunga Mwanaisha kanga tatu na blanketi, akamweka Sabra kifuani mwake mwenyewe, wakatoka. Nilishika mwavuli. Njia ni matope matupu, Mwanaisha anakanyaga polepole kama mtu anayetembea kwa mara ya kwanza, analia bila sauti, ananiuliza Baba kuna nini, na mama yake anamjibu kwa Kishambaa, twende, twende. Kwenye kijito Kristofa alikuwa ameshafika na vijana wawili, hakungoja kuitwa, wakamvusha mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia akiangalia pembeni.

Dada ametupokea bila kuuliza. Moto upo. Mwanaisha kalazwa nyuma ya pazia. Nguo za mtoto zote zimelowa, Sharifa alizisahau zile kavu kwenye kamba juu ya jiko. Akasema anarudi kuzichukua, na kadi ya kliniki. Nikasimama haraka, nikasema la, nakwenda mimi.

Akasema, mbele ya dada yangu:

"Wewe ukienda utachukua spika."

Nikakaa. Kweli, njia nzima, tangu mlangoni kwetu mpaka kijitoni, nilikuwa nahesabu kichwani ni wanaume wangapi wangetosha kuzitoa.

Alitoka saa tatu. Kwenda na kurudi ni nusu saa, kwa matope haya tuseme saa moja. Sasa ni saa nne na nusu. Kristofa amemfuata. Nimesimama barazani muda mrefu, ukungu umefunga bonde, hata bati letu silioni.

Sasa hivi kumetokea kishindo upande wa ng'ambo. Kirefu. Labda lori la mboga linateremka Mombo. Dada ameacha kukoroga uji, mwiko umesimama sufuriani. Hatuangaliani. Nimeita kwa nguvu zangu zote kuelekea kule — Sharifa! Mama Mwanaisha! Nikasikiliza. Maji tu.

Mwanaisha ameamka. Ameniuliza nyuma ya pazia, Baba, mama yuko wapi?

Nimemwambia yuko uani, anachemsha maji.